Samahani, hiyo printi haitoki tena

Haipiti wiki sijapata meseji ya namna hii: "Ile picha ya kamba ya nguo nimeiona kwa rafiki yangu, naomba na mimi unitolee moja, hela ipo." Najibu vile vile kila mara, haiwezekani, na mtu anaona naringa. Mmoja akaniambia kabisa kwamba nabania makusudi ili bei ipande. Jamani. Ningekuwa na ujanja huo saa hizi ningekuwa mbali sana. Kibao nilichokichonga kutoa ile picha hakipo tena, yaani kipo, nimekitundika ukutani juu ya meza, ila kilichobaki juu yake ni mstari wa kamba, vivuli vya mashati na vibanio vinne, basi. Picha yenyewe nimeichonga ikaisha.

Ngoja leo nieleze vizuri, maana niko kwenye hii kazi mwaka wa kumi na nne sasa na hata ndugu zangu bado wanaamini nachora kwenye kompyuta afu nabonyeza kitufe.

Ninachofanya ni linokati. Unachukua kipande cha lino, ile ile ya kutandika sakafuni, hicho ndo kibao, unachonga picha juu yake, unapaka wino kwa rola, unaweka karatasi juu, unakandamiza, unabandua. Palipochongwa wino haufiki, kwahiyo panabaki weupe wa karatasi. Palipobaki juu ndo panaprinti. Mhuri wa ofisini unafanya kazi hivyo hivyo, tofauti yake huu nauchonga mwenyewe na unaweza kuwa na ukubwa wa meza.

Lino yenyewe ina historia naipenda. Mwingereza mmoja, Frederick Walton, aliona ile ngozi laini kama mpira inayojitanda juu ya rangi ya mafuta kopo likikaa wazi, akajiuliza kwa nini isitumike kwa kitu kingine. Akaja kuisajili lino mwaka 1863. Ni mafuta ya mbegu za kitani yaliyoachwa yale hewa hadi yakaganda, yakachanganywa na utomvu na unga wa lile gome linalotengenezewa vizibo vya chupa, yakabandikwa juu ya kitambaa cha gunia. Sasa utamu uko hapa, wino ninaotumia mimi nao umetengenezwa kwa mafuta hayo hayo ya kitani, na haukauki kama maji yanavyokauka, unakauka kwa kuvuta oksijeni, taratibu, siku mbili, tatu, wakati mwingine wiki. Kwahiyo nikipaka wino juu ya kibao ni mafuta mabichi juu ya mafuta yaliyokomaa, ndugu wa tumbo moja. Mara ya kwanza nilipolijua hilo nilikaa nimeshika rola nikicheka peke yangu.

Sikuanzia hapa lakini. Nilianza na rangi za mafuta kwenye turubai kama vijana wengi na nilikuwa na ugonjwa mmoja, simalizi. Naweka anga, kesho naifuta. Naweka uso, keshokutwa naugeuza. Nina turubai moja ambayo chini yake kuna picha nyingine nne, ukiishika ni nzito kama mlango. Mwalimu wangu alikuwa anasema rangi ya mafuta inasamehe, na ndo ilikuwa shida yangu, ilikuwa inanisamehe mno. Miaka mitatu ya kazi, picha kumi na moja, na kati ya hizo ambazo ningethubutu kumuonyesha mtu ni tano.

Nilipokosa hela ya turubai nikaomba kibarua kwenye karakana ya printi. Kazi yangu ilikuwa kuosha rola, kukata karatasi na kufagia. Fundi mkuu pale alikuwa mzee mkimya, hakufundishi kitu mpaka akukute unakosea, na hata hapo anakufundisha kwa kukunyang'anya kifaa mkononi. Siku moja akanisukumia kipande cha lino kilichobaki, sawa na ukubwa wa daftari, akasema chonga. Nikachonga kiti na chini yake jina langu, kwa mbwembwe zote. Kuprinti, jina linasomeka kinyumenyume. Kila anayeanza hufanya hivyo, nimeshaona wanafunzi wangu wote wakifanya, sijawahi kumuonya hata mmoja.

Kwa mwaka mzima nilikuwa natoa za rangi moja tu, nyeusi. Na sio kwamba nyeusi ni hatua ya chini, hapana, mtu akitaka kuona nyeusi na nyeupe zinaweza kubeba nini akaangalie kazi za John Muafangejo wa Namibia, aliyesoma shule ya sanaa ya Rorke's Drift kule Afrika Kusini na akafariki 1987. Yule alikuwa anachonga watu, wanyama na sentensi nzima nzima za maneno ndani ya picha moja, na fikiria, kila herufi lazima uichonge kwa kinyume. Mimi jina langu tu lilinishinda.

Afu ndo nikakutana na njia ninayoitumia mpaka leo, ya kupunguza. Kwa kawaida ukitaka printi ya rangi nyingi unachonga kibao kimoja kwa kila rangi. Msanii Claude Flight na wanafunzi wake pale Grosvenor School, shule ya sanaa mjini London, miaka ya 1920, walikuwa wanatoa picha za mwendo kasi kwa vibao vitatu au vinne tu, rangi zikipandana zinazaa nyingine. (Huyo Flight alikuwa anawaambia watu wachonge hata kwa mbavu za mwavuli zilizonolewa, na aliota printi ziuzwe kwa bei ya tiketi ya sinema, ndoto ambayo soko limeicheka, siku hizi kazi za kundi lile zinagombewa minadani.) Faida ya vibao vingi ni kwamba vinabaki. Msanii Elizabeth Catlett alichonga sura ya mkulima mwanamke mwenye kofia pana mwaka 1952, na mwishoni mwa miaka ya 1960 printi zake zilikuwa bado zinatolewa. Hasara yake ni kuvilinganisha, kibao kikicheza milimita moja jicho linahamia shavuni.

Kupunguza ni kutumia kibao kimoja kwa rangi zote. Picasso ndiye aliyeifanya ijulikane, alikuwa anaishi kusini mwa Ufaransa na anaprintiwa na Hidalgo Arnéra kule Vallauris, mwaka 1958 alitoa sura ya msichana kwa vibao vitano, na kuanzia 1959, akielekea miaka 78, akahamia kwenye kibao kimoja. Unaprinti rangi ya kwanza kwenye karatasi zako zote. Unaosha kibao, unachonga sehemu unazotaka zibaki na rangi ile. Unaprinti rangi ya pili juu ya ya kwanza, kwenye karatasi zile zile. Unachonga tena. Ya tatu. Kila ukichonga kibao kinapungua, na hakuna kurudi nyuma, kwa sababu kile kilichotoa rangi ya kwanza sasa hivi ni takataka ziko sakafuni nimezikanyaga.

Sasa tuchukue hiyo hiyo kamba ya nguo mnayoniulizia. Kwenye mchoro kulikuwa na mashati matatu, shuka moja kubwa na jua la saa sita. Kitu cha kwanza kabisa kuamua ilikuwa nyeupe. Wachoraji wa turubai nyeupe wanaiweka mwisho, ile nukta ya mng'ao kwenye jicho, unamaliza nayo unasimama nyuma unajipongeza. Kwangu nyeupe haiprintiwi, nyeupe ni karatasi, kwahiyo inachongwa kabla ya wino wowote kugusa kibao. Lile shati la katikati, upande ule jua linapopiga, nililichonga siku ya kwanza, na toka siku hiyo halikuguswa tena mpaka mwisho, rangi saba zimepita pembeni yake. Watu wakiangalia picha wanadhani lile shati ndo la mwisho kupakwa.

Halafu njano hafifu. Wino ukiwa sawa kwenye kioo rola inatoa sauti, kama mvua ya rasharasha juu ya majani, ssss, ukisikia inabandukabanduka kwa kelele ujue wino ni mwingi, utajaza mifereji yote uliyochonga. Mimi siangalii sana, nasikiliza. Napaka mara mbili tatu kwa kupishanisha, naweka karatasi kwenye vishikizo vyake, vile vya kuifanya ikae pale pale kwa kila rangi, naishusha kwa vidole viwili. Miaka hiyo sikuwa na presi, nilikuwa nakandamiza kwa mgongo wa kijiko cha mbao, mizunguko midogo midogo kuanzia katikati, na unaona kabisa kwa nyuma karatasi inavyobadilika inaposhika wino. Dakika tano kwa karatasi. Nilikuwa nimeandaa karatasi 30, kwahiyo rangi moja ni masaa mawili na nusu ya kijiko tupu, na rangi zilikuwa saba, piga hesabu, mibanduo 210 kwa picha moja. Bega langu la kulia mpaka leo likisikia neno "kijiko" linauma.

Sasa lile kosa. Baada ya njano kukauka nilitakiwa nichonge vitu vidogo tu, ukingo wa kamba na pindo la mashati, viendelee kuwa njano. Shuka lilitakiwa libaki juu, lipite kwenye samawati, lipite kwenye rangi ya udongo, liishie kijivu cha kivuli. Ndo mpango ulivyokuwa. Mchoro wangu juu ya kibao naupiga kwa kalamu isiyofutika ili nikiosha wino mistari ibaki, na sehemu za kuchonga naziwekea mistari ya mshazari. Usiku ule nilikuwa nimechoka, natafuta tu kumaliza, nikasoma mshazari wa pindo kama ni wa shuka zima. Nikachonga. Vizuri sana tena, lino ilikuwa imepata joto kidogo, nilikuwa nimeiweka dirishani, ikipata joto inakatika kama siagi, patasi ya mdomo wa U inatoa utepe mrefu hauvunjiki, raha tupu. Nimemaliza shuka lote nikainuka kunyoosha mgongo, nikaangalia mchoro ukutani, nikaangalia kibao.

Sitasema nilichosema.

Huwezi kurudishia. Kuna watu wanajaza kwa gundi na unga, inashika kwa mtu aliyekosea mkwaruzo mdogo, haiwezi kushika shuka zima. Nilikuwa na karatasi 30 zenye njano tayari na njia mbili, kutupa zote au kukubali shuka liwe la njano kwenye picha ambayo kila kitu kingine ni baridi, samawati na kijivu. Nilikaa nayo siku nne. Siku ya tano nikabadilisha rangi zote zilizofuata, nikaiondoa ile rangi ya udongo kabisa maana ingepigana na njano, nikaongeza samawati nzito mara mbili ili njano ipate pa kukaa.

Basi kwenye maonyesho bwana mmoja alisimama mbele ya ile picha akamwelezea mwenzake, mimi niko nyuma yao na glasi yangu ya maji, kwamba hili shuka la njano ni matumaini, msanii anatuonyesha matumaini katikati ya maisha ya kawaida. Nikanyamaza. Na ndo picha iliyoisha kwanza. Lakini naomba nieleweke, siko kwenye lile kundi linalosema makosa ni zawadi, makosa mengi ni makosa tu, nina kabati lina karatasi zaidi ya mia mbili zilizokosewa na hakuna aliyewahi kusimama mbele yake kuona matumaini.

Kati ya zile 30 zilifika mwisho 20. Tatu zilihama kwenye rangi ya pili kwa sababu hewa ilikuwa na unyevu na karatasi ya pamba inavuta unyevu inatanuka, hamna unachoweza kufanya, leo imekaa sawa na kishikizo kesho imezidi. Mbili nilizishika na kidole gumba chenye wino. Moja nilidondosha kijiko. Nyingine nne zilikataa rangi ya saba, ukishapandisha tabaka nyingi juu inakuwa inateleza na kung'aa, wino mpya unakaa juu kama maji kwenye jani la mgomba. Ndo maana siku hizi rangi za mwanzo napaka nyembamba sana, karibu aibu, ili za mwisho zipate pa kushika.

Hizo 20, nikaandika 1/18 mpaka 18/18 kwa penseli chini kushoto, jina langu kulia, na mbili zikawa nakala za msanii, moja ninayo. Namba ya juu ni karatasi ya ngapi, ya chini ni zimetoka ngapi jumla, na hapo wanunuzi wengi wanakosea, 1/18 haina ubora zaidi ya 17/18, mara nyingi wala sikumbuki ipi nilibandua kwanza. Ile namba ya chini ni ahadi. Mwenye vibao vingi akimaliza edisheni, yaani idadi aliyoiahidi, inabidi avikwaruze alama ya X ili asije akashawishika kuongeza, mimi sina haja, kibao chenyewe kilishajiharibu kabla sijashawishika. Na kuna wanaopiga picha kazi yao, wanatoa kwa mashine nakala za kutundika na kuandikia namba kwa penseli kama hizi. Kuuza nakala sio dhambi, mtu anaitaka ukutani na hela yake ni ndogo, muuzie, ila mwambie ni nakala ya picha, usimuandikie 3/18.

Kuhusu hela sitazunguka. Galari nyingi zinachukua nusu. Zamani iliniuma, siku hizi hainiumi kama kweli wamefanya kazi yao, wametafuta watu, wameweka fremu, wamelipa mwanga. Iliyoniuma ni moja, siitaji, ilitundika printi zangu sita kwenye ukuta unaotazamana na dirisha bila kioo chochote cha kinga miezi minne, zikarudi nyekundu imekuwa pinki ya kuchoka, na nilipouliza nikajibiwa wino wangu ni mbovu. Ilikuwa na ukweli nusu, na huo nusu ndo ulinikera zaidi. Ile nyekundu ilikuwa ya bei rahisi, isiyostahimili mwanga, na sikuwa najua kusoma alama za kopo. Yaliyomkuta mchoraji Mark Rothko na michoro yake mikubwa ya Chuo Kikuu cha Harvard kule Marekani nayajua vizuri sasa, ilitundikwa 1964 kwenye chumba chenye madirisha makubwa, nyekundu yake haikuwa ya kustahimili jua, ikapauka vibaya mpaka 1979 ikashushwa ikafichwa. Toka hapo kila wino mpya napaka kwenye kipande cha karatasi, nusu nafunika na kadibodi, nabandika dirishani miezi mitatu. Nisipoona tofauti kati ya nusu mbili, wino huo unaingia kwenye kabati la wino wa kutumia. Nina nyekundu mbili tu zilizofaulu.

Watu huniuliza pia mawazo natoa wapi, sina jibu la maana. Naangalia vitu vinavyoning'inia na vilivyopangwa. Viti vilivyopandana, ngazi, nyaya. Nachora daftarini kila asubuhi dakika ishirini, mengi ni ovyo. Nikishapata mchoro naupima kwa swali moja, rangi gani itachongwa ya kwanza na ipi itabaki ya mwisho, nisipoweza kuzipanga kichwani kuanzia nyepesi mpaka nzito basi mchoro huo sio wa lino, naliachia daftari libaki nao. Kuchonga nafanya mchana tu toka lile shuka. Patasi nanoa kwenye ngozi kila nusu saa, patasi butu ndo inayokata kidole kwa sababu unalazimisha, na mkono usioshika patasi unakaa nyuma ya makali siku zote. Nina kovu moja, lipo hapo kunikumbusha.

Saa hizi mezani kuna kazi mpya, ngazi ya mbao imeegemea ukuta, rangi sita, nimeanza na karatasi 36 sababu nimejifunza kuhesabu vifo mapema. Niko rangi ya tatu, samawati ya asubuhi. Dada aliyenitumia meseji juzi kuhusu kamba ya nguo nimemtumia picha ya kibao kilivyobaki, kamba na vivuli na vibanio, akaniuliza kama hicho kibao nakiuza. Sijamjibu. Nimepitia waya wa kuanikia sasa hivi, nikagusa pembeni ya karatasi ya mwisho kwa ncha ya kidole, bado inanata.